Kutoka Lushoto hadi Jabali la Irente: Siku Moja katika Milima ya Usambara

Safari ya siku moja mlimani, ambayo mgeni huianza asubuhi akiongozwa na mwenyeji na kuimaliza kabla ya magharibi, ni miongoni mwa aina kongwe za utalii wa kisasa. Katika milima ya Alps barani Ulaya, waongozaji wa mji wa Chamonix nchini Ufaransa waliunda chama chao mwaka 1821, na mwaka 1863 mfanyabiashara Mwingereza Thomas Cook alianza kuwapeleka wateja wake Uswisi kwa makundi. Mwaka 1871 ilifunguliwa reli ya kupanda mlima Rigi, ambayo treni yake ina gurudumu la meno linaloshika chuma kilicholazwa katikati ya njia ili isiteleze, na tangu hapo watu wasio na kamba wala ujuzi wa kukwea miamba wakaweza kwenda mlimani na kurudi siku hiyohiyo. Tanzania haina reli ya namna hiyo, lakini ina milima inayofikika kwa nauli ya basi la kawaida na miguu miwili, nayo ni Usambara, ambako matembezi yanayojulikana kuliko mengine yote ni yale ya kutoka mji wa Lushoto hadi jabali la Irente.

Lushoto ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo katika Mkoa wa Tanga, na upo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Msafiri anayetoka Dar es Salaam hupita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, kisha huiacha barabara hiyo na kupanda kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona nyingi, akipita Soni penye maporomoko ya maji. Kwa kuwa safari hiyo humaliza sehemu kubwa ya siku, mgeni wa mbali hulala kwanza Lushoto, na siku moja inayozungumziwa hapa huhesabiwa kuanzia asubuhi inayofuata.

Umaarufu wa mji huu kama mahali pa mapumziko ulianza zama za ukoloni wa Kijerumani, ulipoitwa Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wa Ujerumani wa wakati huo. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo maofisa na walowezi waliokuwa wakikimbia joto na malaria ya pwani walipanda mlimani kutafuta baridi, wakajenga nyumba za mawe, wakapanda matunda ya kwao, na wengi wao wakaifananisha nchi hiyo na Uswisi. Mapichesi, plamu na mapeasi yanayouzwa hadi leo kwa ndoo na vikapu kando ya barabara ya Soni ni mabaki ya zama hizo, ingawa wanaoyalima, kuyachuma na kuyauza sasa ni Wasambaa, wenyeji wa milima hii.

Kufanana huko na Uswisi, hata hivyo, ni kwa sura tu, kwa maana milima ya Uswisi na ya Usambara ilizaliwa kwa njia tofauti kabisa. Alps ilikunjamana pale bamba la Afrika liliposukumana na bamba la Ulaya, bamba likiwa ni kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea polepole mno. Usambara haikukunjwa, bali iliinuliwa: miamba yake, iliyoundwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ilipasuka kwa nyufa ndefu, upande mmoja wa ufa ukapanda na upande wa pili ukabaki chini, likapatikana bonge kubwa la ardhi lenye juu pana na kingo zilizosimama wima. Ndiyo maana mtembezi wa Lushoto hakuti kilele chenye ncha, bali hutembea katika vilima na mabonde ya kawaida, mpaka ghafla ardhi inakwisha mbele yake. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kwa umbo la upinde hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania, nao hauna uhusiano wa asili na Kilimanjaro, ambao ni mlima wa volkano na mchanga sana kwa umri.

Umbo hilo ndilo linaloamua mvua inyeshe wapi. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu hugonga upande wa mashariki wa milima, hupanda, hupoa na kumwaga maji yake, hata eneo la Amani katika Usambara Mashariki likapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali tambarare zilizo nyuma ya milima, ambazo wataalamu husema ziko katika kivuli cha mvua, hubaki kavu. Kwa kuwa unyevu huo wa bahari umedumu kwa muda mrefu mno, misitu ya Tao la Mashariki imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani lilichukuliwa kutoka milima hii mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Juu ya Lushoto, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, bado ina miti mirefu ya mkulo na makundi ya mbega weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na mgeni mwenye siku ya pili hufanya vyema kuitembelea.

Njia ya Irente ina urefu wa kilomita 6 hivi kutoka mjini, nayo ni njia ya mashambani zaidi kuliko ya msituni. Bodaboda huimaliza kwa dakika chache, lakini anayepanda pikipiki hukosa jambo kubwa kuliko yote, yaani namna mlima unavyolimwa. Chini ya mabonde, ambako maji ya vijito huelekezwa kwa mifereji, hulimwa kabichi, karoti, pilipili hoho na nyanya zinazopakiwa katika matenga na kupelekwa katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Kwenye miteremko hupandwa mahindi, maharage, migomba na kahawa. Na juu zaidi husimama mikaratusi ya kuni na mbao. Mtembezi akisimama na kuangalia shamba moja kwa karibu, ataona mistari ya majani marefu ya Guatemala yaliyopandwa kuukata mteremko kwa upana. Mizizi ya majani hayo hushika udongo usiporomoke mvua inaponyesha, na majani yenyewe hukatwa na kubebwa kichwani hadi zizini kulisha ng'ombe asiyetoka nje, ambaye naye hulipa kwa maziwa na samadi.

Mistari hiyo ina historia ambayo macho peke yake hayawezi kuiona. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, na baadaye ukatandazwa sehemu nyingine za Usambara, ukiwalazimisha wakulima kujenga matuta kwa jembe la mkono katika miteremko mikali, na anayekataa akipelekwa barazani kutozwa faini. Kazi hiyo nzito iliwaangukia zaidi wanawake, mavuno hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa, na watu wengi wakaona kwamba ardhi yao ilikuwa ikiandaliwa kunyang'anywa. Wakulima waligoma, chama cha TANU kikapata wafuasi wengi milimani kutokana na chuki hiyo, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ulikuwa umekufa. Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, unaojulikana kwa kifupi SECAP, ulitumia njia nyingine: badala ya tuta la lazima ulimpa mkulima miche ya miti na majani ya malisho, vitu vinavyozuia mmomonyoko na papo hapo kumnufaisha mwenye shamba. Mabaki ya kazi hiyo ndiyo mgeni anayoyapita njiani.

Kabla ya kufika jabalini, wengi husimama katika shamba la Irente, ambalo ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na kanisa walilolianzisha linaendesha hapo Irente huduma kadhaa za jamii, zikiwamo shule ya watoto wasioona na makao ya watoto wachanga. Shamba lenyewe hutengeneza jibini, siagi, jamu na mkate wa unga usiokobolewa, na chakula cha mchana cha vitu hivyo, kikiliwa kwenye nyasi chini ya miti, kimekuwa sehemu ya safari hii kama jabali lenyewe.

Jabali la Irente ni ukingo mtupu wa mwamba, na tofauti ya kimo kati yake na tambarare iliyo chini inakaribia mita 1,000. Hakuna ngazi ya kukwea: mgeni hutembea kwenye njia ya udongo, hupita majabali machache, na hewa yenye joto inayopanda kutoka chini humpiga usoni kabla hajaona kitu. Chini kabisa huonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde, yenye safu zilizonyooka kama mistari ya daftari, na kando yake hupita barabara kuu na reli. Ng'ambo ya hapo nyika kavu ya Wamaasai huenea mpaka inapochanganyika na ukungu. Mkonge huo nao ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida nchini Marekani, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hilo, hadi uzalishaji ukapita tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Hapohapo Mazinde palikuwa na makao ya Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyewatawala Wasambaa kutoka mji wa Vuga. Ukoo huo wa kifalme, yaani Wakilindi, ulianza, kwa mujibu wa masimulizi yaliyomo katika kitabu cha Kiswahili cha Habari za Wakilindi kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyeua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama na kupewa utawala. Nguvu ya Vuga ilikuwa juu mlimani, penye mvua na mazao. Semboja aliona kwamba nyakati zimebadilika, akashuka tambarare kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ambako bunduki zilipatikana, na baada ya kifo cha Kimweri mwanzoni mwa miaka ya 1860 vita vya ndugu vikaivunja dola. Anayesimama Irente huona kwa mkupuo mmoja sehemu zote mbili za ugomvi huo: mlima nyuma yake na njia ya biashara chini ya miguu yake.

Hayo yote hayaandikwi kwenye kibao chochote pale jabalini, na hapo ndipo inapoonekana faida ya mwongozaji. Utalii wa kitamaduni, yaani utalii ambao mgeni hutembezwa na wanajamii katika vijiji vyao na sehemu ya malipo hurudi katika shughuli za jamii hiyo, uliingia Lushoto katika miaka ya 1990, wakati Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la SNV la Uholanzi walipoanza kuvisaidia vikundi vya wenyeji sehemu mbalimbali za nchi. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka shughuli za utalii, ikiwamo kuongoza wageni, zifanywe kwa leseni. Mgeni ana haki ya kuomba kuona kitambulisho, kuuliza bei inajumuisha nini, na kulipia ofisini akapewa risiti, badala ya kukubaliana stendi na mtu asiyemjua. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa fedha zimeishia mfukoni mwa dalali.

Mgeni naye ana wajibu wake. Salamu njiani si hiari, na mzee hupewa shikamoo kabla ya kuulizwa njia. Picha ya mtu hupigwa kwa ridhaa yake. Na mtoto anayeleta kinyonga kwenye kijiti ili apewe sarafu hapewi, hata kinyonga huyo akiwa ni yule dume mwenye pembe mbili puani anayepatikana Usambara Magharibi peke yake, kwa sababu kila sarafu humtuma mtoto kumtoa mwingine mtini. Pembezoni mwa jabali hakuna ukuta wala uzio unaoaminika, kwa hiyo watoto hushikwa mkono na hakuna sababu ya kurudi kinyumenyume kwa ajili ya picha.

Majira mazuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika, njia zinapokuwa kavu, ingawa baridi ya Julai huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 usiku na sweta halikwepeki. Asubuhi ukungu huweza kuifunika tambarare yote, hivyo anayeanza saa mbili asubuhi na kufika jabalini mchana ana nafasi nzuri ya kuona mbali. Viatu vyenye kukamata udongo, maji ya kunywa na koti la mvua vinatosha.

Kila mwaka maelfu ya Watanzania hupita Mombo wakielekea Moshi na Arusha, wakaiona Usambara kwa dirisha la basi kama ukuta wa bluu upande mmoja wa barabara, wasijue kwamba juu ya ukuta huo kuna mji, masoko, misitu na historia ya dola. Kushuka Mombo, kulala Lushoto usiku mmoja na kumlipa mwenyeji kwa siku moja ya kutembea hakuhitaji pasipoti wala akiba ya mwaka mzima, na wenye nchi wasisubiri kusimuliwa milima yao na wageni.