DRC: Miali ya gama inavyofichua kobalti ndani ya jiwe

Unaweza kujua madini yaliyo ndani ya jiwe bila kulivunja: unalipiga kwa nyutroni, kisha unapima miali ya gama inayotoka.

Tuchukue kobalti, ambayo sehemu kubwa yake duniani inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Kiini cha atomu yake kikimeza nyutroni moja, kinabaki na nishati ya ziada ya elektroni-volti milioni 7,5. Kinaitoa kikishuka kama mtu kwenye ngazi. Kila mwali unaonyesha urefu wa hatua moja. Katika reakta za utafiti, kama ile ya Grenoble, Ufaransa, wataalamu hupima hatua hizo na kuchora ngazi nzima.

Kila madini yana ngazi yake. Ndiyo maana miali hiyo inaweza kuonyesha kobalti kwenye mzigo ambao karatasi zake zinataja shaba peke yake.