Maumivu ya Nyonga na Misuli Iliyosahau Kulegea

Katika nyumba nyingi za kwetu, binti anayejikunja kitandani kila aingiapo mwezini huambiwa kuwa ni chango tu, na kwamba akishazaa litakwisha. Naye, kwa haya na kwa kuwastahi wakubwa wake, hunyamaza, akasoma kwa taabu na kuolewa na taabu ileile, kabla tabibu hajayataja maradhi yake kwa jina, yaani endometriosi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa takriban wanawake na wasichana milioni 190, mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, wanayo, na kwamba baina ya dalili za kwanza na kugunduliwa kwake hupita miaka 4 hadi 12. Wengi wa Afrika Mashariki walilisikia jina hilo kwanza kwa marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024, ambaye hakuona haya kueleza hadharani jinsi maradhi hayo yalivyomfika hadi mapafuni.

Asili yake ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, ambayo huota mahali pasipo pake, kwenye vifuko vya mayai, kwenye utumbo, hata kwenye kibofu, ikavimba na kuacha makovu yanayogandisha kiungo na kiungo. Hutibiwa kwa dawa za maumivu, kwa homoni na kwa upasuaji. Lakini wako waliopasuliwa vema, na bado kuketi kunawauma, kwenda haja kunawauma, na tendo la ndoa linawauma, hata wakadhaniwa waongo.

Si waongo. Mtu akichomwa na mwiba hukunja mguu kabla hajawaza. Na misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa toka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikichukua kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa, nayo hujikaza vivyo hivyo kila maumivu yanapokuja, na yakija mwezi baada ya mwezi kwa miaka, husahau kulegea, ikawa yenyewe chanzo cha maumivu mapya, ilhali mishipa ya fahamu imekwisha kuzoea kushtuka kwa jambo dogo.

Hapo ndipo fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, inapofaa, na hapo pia ndipo wengi hukosea, kwa kumwamrisha mgonjwa akaze. Mazoezi ya kukaza, aliyoyaeneza Mmarekani Arnold Kegel tangu 1948, yalikusudiwa misuli iliyolegea baada ya uzazi. Kumpa mazoezi hayo mwanamke ambaye misuli yake imekwisha kukakamaa ni kumwongezea fundo juu ya fundo.

Mtaalamu mwenye ujuzi huanza na pumzi. Mgonjwa hulala chali, magoti yameegemea mto, kiganja kimoja kifuani na kingine chini ya kitovu, akavuta pumzi puani taratibu mpaka kile cha chini kiinuke na cha juu kitulie. Maana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kikishuka, sakafu ya nyonga nayo hushuka na kulegea. Siku za kwanza kiganja cha chini aghalabu hakitikisiki, kwani aliyeishi miaka akilibana tumbo lake hajui tena kuliachia. Baadaye hufuata kunyoosha mapaja na nyonga, kukanda makovu, joto, na pengine kulegeza misuli kwa ndani kwa kidole chenye glavu, jambo lisilofanywa bila ridhaa yake, na ambalo ana haki ya kulisimamisha wakati wowote.

Jaribio la Bologna, Italia, lililochapishwa 2021, liliwahusu wanawake 34 wenye endometriosi ya ndani sana. Waliopata vikao 5 vya fiziotherapia hiyo misuli yao ilionekana kulegea zaidi kwa ultrasaundi, na maumivu ya tendo la ndoa yakapungua. Idadi ni ndogo, nami siikuzi. Tena tiba hii haiyeyushi tishu wala haimwondoi tabibu.

Kwetu wataalamu wa viungo wamezoea zaidi migongo na waliopooza, kwa hiyo anayekwenda kwao ataje waziwazi kuwa taabu yake ni misuli ya nyonga, aeleze inamuuma akiketi, akienda haja au akiwa na mumewe, na aandike siku za maumivu katika daftari kabla hajaondoka nyumbani.