Volti Zapotea Wapi Katika Gari?

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi habari za umeme wa gari, na jinsi ya kuupima mahali pengi badala ya mahali pamoja tu. Jambo hili si la mafundi peke yao, kwani mwenye gari asiyelijua huenda akanunua betri mpya, ilhali ile ya zamani haina kosa lo lote.

Natuseme dereva mmoja yuko Chimwaga, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Amepakia zabibu katika pikapu, naye ataka kufika Dar es Salaam kabla jua halijaziharibu. Apiga starta, injini yaguna mara mbili, kisha kimya. Wapita njia wasema kwa sauti moja, "Betri imekufa!" Labda ni kweli, labda si kweli. Mita ya volti itatuambia.

Kwanza apime kwenye vichwa vya betri yenyewe. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila kimoja, kikijaa umeme, hutoa volti 2.1 hivi, jumla yake 12.6. Ingalionyesha 12.2, tungalijua kwamba imebakiwa na nusu tu ya akiba yake. Kisha mwenzake apige starta, naye aitazame mita: ikishuka chini ya 9.6, betri yashukiwa. Dereva wetu aona 12.6, na starta ikipigwa, 11.4. Betri haina hatia.

Basi volti zapotea njiani. Fikirini maji yanayotoka visima vya Makutupora kuja mjini Dodoma kwa bomba. Bomba likizibwa nusu kwa tope, nawe umefunga bilula yako, msukumo wa maji utaonekana mzima kabisa. Fungua bilula, ndipo maji yadondoka tone tone. Umeme nao ni vivyo hivyo. Waya mbovu huonyesha volti zote maadamu hakuna umeme upitao. Ubovu wake hufichuka wakati wa kazi tu. Ndiyo sababu fundi apimaye waya gari likiwa limelala, kisha akasema kwamba zote ni nzima, mimi simwamini.

Sasa dereva aweke ncha moja ya mita juu ya kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili juu ya chuma kitupu cha injini, starta ikipigwa. Mita yapasa isizidi volti 0.2 hivi. Lakini yaonyesha 3! Aisogeza ile ncha ya pili kwenye bodi, apima tena: 0.1. Kumbe kosa liko baina ya bodi na injini, katika waya mfupi mnene unaoziunganisha. Afungua nati, akuta kutu na vumbi letu jekundu.

Msistaajabu kwamba kutu kidogo hivyo chaweza kuzuia gari zima. Starta ikivuta ampea 150, kizuizi cha omu 0.02 tu chatosha kula volti 3. Katika zile 11.4 za betri, starta yabakiwa na 8.4, nayo haiwezi kuizungusha injini upesi.

Asugua chuma mpaka king'ae, akaza nati, na injini yawaka. Asiiweke mita bado. Injini ikinguruma, betri yapasa kuonyesha baina ya 13.8 na 14.4. Kama kwenye altaneta ni 14.3 na kwenye betri 13.2, waya wa kati ndio mwizi. Zikiwa 12.5 kote kuwili na zazidi kushuka, altaneta haijazi kitu, na safari ya usiku yenye taa kubwa haitafika hata Morogoro.

Mwenye kupima asivute sigara, kwa kuwa betri hutoa hewa iwakayo moto, na mikono ya kanzu iwe mbali na mkanda wa feni. Malori yenye betri mbili zilizofuatana hutumia volti 24. Kwa hayo, hesabu za betri nilizozitaja zizidishwe kwa mbili.