Nipe Mji: Chemshabongo ya Runinga na Majina ya Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Chemshabongo ni shindano la maswali linalompima mshiriki kwa mambo mawili: upana wa maarifa yake na wepesi wake wa kuyakumbuka. Katika Afrika Mashariki, shindano la runinga la aina hii lililovuma vyuoni ni Celtel Africa Challenge, lililoanza mwaka 2007 na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge. Timu za wanafunzi wa vyuo vikuu zilishindana mbele ya kamera, John Sibi-Okumu akiwa mwulizaji, na maswali yakiulizwa kwa Kiingereza. Makala haya yanaeleza sifa za swali bora la chemshabongo iwapo shindano kama hilo litaendeshwa kwa Kiswahili. Mifano imetolewa katika majina ya mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji la Nairobi.

Kitendawili na chemshabongo

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashindwa kuona undugu uliopo kati ya chemshabongo na kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira ikaitikia "Tega!" Hadhira ikishindwa kufumbua, mtegaji hudai apewe mji, na akishaupokea ndipo hutoa jibu. Pande zote mbili kuna ushindani, kuna mwulizaji mwenye mamlaka, na kuna tuzo.

Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Kitendawili hubeba jibu lake ndani ya sitiari, kiasi kwamba anayeyafahamu mazingira yake aweza kukifumbua hata kama hajawahi kukisikia. Swali la chemshabongo hudai ukweli ulio nje ya swali lenyewe. Asiyeujua mwaka wa tukio fulani hataupata kwa kutafakari. Majina ya mitaa yamesimama katikati ya tanzu hizi mbili: neno hudokeza, nayo historia huthibitisha.

Swali liwe na jibu moja

Sifa ya kwanza ni kwamba swali lisiwe na majibu mawili yaliyo sahihi. Swali "Kaloleni iko wapi?" ni bovu, kwa kuwa ipo Kaloleni ya Nairobi, ipo ya Kilifi, na ipo ya Arusha nchini Tanzania. Mtunzi makini atauliza hivi: "Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh aliwasilisha azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki katika ukumbi wa mtaa gani wa Nairobi?" Hapo jibu ni Kaloleni pekee. Mshiriki akilipata, amejifunza pia kwamba dai hilo lilitolewa katika mkutano wa hadhara mtaani, miaka 13 kabla ya Kenya kupata uhuru.

Swali lifichue historia ya neno

Sifa ya pili inawahusu zaidi wanaisimu. Kariokor ni zao la utohozi wa maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Jijini Dar es Salaam maneno hayo hayo yalizaa Kariakoo. Chimbuko ni moja, matokeo mawili: Kariakoo imeishia kwa irabu kwa kufuata silabi wazi za Kiswahili, ilhali Kariokor imebakiza konsonanti katika maandishi.

Lakini swali likikomea kwenye utohozi, litakuwa limeficha jambo zito. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walifariki katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na lishe duni kuliko kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue mwaka 1928 inawakumbuka askari pamoja na wapagazi, na maandishi yake yamo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Anayepita sokoni Kariokor kila siku hutamka kumbukumbu yao bila kujua.

Swali liunganishe taaluma

Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa, jina linalotangulia katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, ni la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Wote wawili waliuawa katika kipindi cha Hali ya Hatari. Kwa mwanafunzi wa fasihi, Mbotela ni jina lenye uzito wa ziada, kwani ndilo la ukoo wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Hivyo swali moja la mtaa lawatosha mwanahistoria na mhakiki kwa pamoja.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba maswali ya aina hii ni ya kimtaa mno kwa runinga. Hoja hiyo haina mashiko, kwa sababu mshiriki hutarajiwa kutaja miji mikuu ya nchi asizowahi kuzikanyaga, na kujua kwake Kariokor hakumzuii kujua Ottawa. Isitoshe, miradi ya nyumba za ghorofa imefika Shauri Moyo na Makongeni. Nyumba kuukuu zikiondoka, jina ndilo litakalobaki kuwa shahidi, na shahidi asiyeulizwa hasemi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuanza bila kamera wala mfadhili: vikusanye majina ya mitaa, vithibitishe asili yake kwa wazee na katika nyaraka, kisha vitunge maswali. Katika kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji. Haitafaa wasomi wa Kiswahili kuitoa miji yao kwa kushindwa kueleza majina yake.