Mbio bila daftari hupotea bila habari

SEKUNDE tatu katika mia moja ni muda mdogo kuliko kufumba na kufumbua jicho. Hata hivyo, Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Japan, muda huo ndio uliotenganisha dhahabu na fedha katika marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya riadha. Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia itazamwe kwa makini ndipo Simbu atangazwe bingwa.

Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Zawadi ya mshindi wa kwanza ilikuwa dola za Marekani 70,000, ambazo kwa viwango vya mwezi huo ni zaidi ya Sh milioni 160 kabla ya makato. Wa pili alipewa dola 35,000. Kwa maneno mengine, vipande vitatu vya sekunde vilikuwa na thamani ya dola 35,000.

Mkulima wa machungwa wa Muheza au mchuuzi wa soko la Mgandini jijini Tanga anaweza kuuliza habari hizo zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu ya neno moja analolijua vizuri, nalo ni kipimo. Kama Tokyo kusingekuwa na kipimo cha uhakika, Simbu angebaki na ubishi mdomoni badala ya dhahabu shingoni.

Mkulima wa viazi na mboga wa Lushoto ameuonja ubishi wa aina hiyo miaka mingi. Anapouza gunia la lumbesa, lililojazwa hadi juu ya mdomo wake na kushonewa kilemba, hajui ameuza kilo ngapi. Anayejua ni mnunuzi. Ndiyo maana sheria ya vipimo ikapiga marufuku lumbesa na mizani ikasisitizwa. Riadha nayo ina lumbesa yake, na anayepata hasara ni kijana wa kijijini mwenye mbio lakini asiye na muda ulioandikwa kwa haki.

Majina yaliyomo kwenye daftari

Tanzania haina uhaba wa matokeo ya kujivunia. Februari 2, 1974, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, akiwa ameongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wake wa dakika 3:32.16 ulikuwa rekodi ya dunia. Kama rekodi ya michezo hiyo ulidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham mwaka 2022.

Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:12.48, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000 kwa 13:21.60, akiachwa na mshindi kwa chini ya sekunde moja. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki.

Juma Ikangaa alishinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Samson Ramadhani alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006. Gabriel Geay alikimbia saa 2:03:00 mjini Valencia, Hispania, mwaka 2022, na Magdalena Shauri akashika nafasi ya tatu mjini Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41.

Msomaji makini ataona kwamba muda wa Geay ni bora kuliko muda uliompa Simbu dhahabu, na kwa tofauti ya zaidi ya dakika sita. Hapo pana somo la kwanza la kusoma matokeo. Kwenye mashindano ya ubingwa, kama ya taifa au ya dunia, kinachotafutwa ni nafasi. Watu huviziana, na joto au kona za njia hupunguza kasi. Kwenye mbio za mialiko kinachotafutwa mara nyingi ni muda. Mwenye matokeo mazuri ya aina zote mbili ndiye mwenye mali kamili.

Somo la pili linauma kidogo. Majina hayo mengi yametoka nyanda za juu za kaskazini na kati ya nchi, na hakuna hata moja lililotoka mkoani Tanga. Je, watu wa pwani hawana miguu?

Kingston na Tanga

Jibu lipo ng'ambo ya bahari. Jamaika ni kisiwa chenye watu wapatao milioni 2.8. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Tanga ukiwa na watu 2,615,597. Hivyo, kwa idadi ya watu, Tanga na Jamaika karibu zinalingana. Mji mkuu wa Jamaika, Kingston, uko baharini kama Tanga, nako kuna joto, minazi na samaki.

Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin Agosti 16, 2009, alizaliwa katika eneo la Trelawny, linalosifika kwa kilimo cha viazi vikuu. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 200, na mashindano yalifanyika hapo hapo Kingston.

Siri kubwa ya Jamaika ni mashindano ya taifa ya shule za sekondari, ambayo wenyeji huyaita Champs. Yalianza mwaka 1910. Kila mwaka uwanja wa taifa hujaa, mitaa hufanya biashara, na kila mtoto anayekimbia fainali huondoka na muda uliopimwa kwa mtambo na kuandikwa. Makocha wa vyuo vya Marekani hufika na daftari mkononi, kama wanunuzi wa korosho mnadani.

Bayi mwenyewe anaijua Kingston. Mei 17, 1975 alivunja pale rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Ukifuata safari yake utaona ngazi. Mwaka 1972 mjini Munich hakuvuka mchujo. Mwaka 1973 mjini Lagos alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika Michezo ya Afrika. Mwaka 1974 akavunja rekodi Christchurch, na mwaka 1975 akavunja nyingine Kingston. Kila mwaka alipimwa na watu waliomzidi au waliolingana naye. Kipaji chake kilikua kwa kupimwa.

Lumbesa ya sekunde

Ichukuliwe kwa mfano shule moja ya wilaya ya Handeni. Kijana anakimbia mita 100 na mwalimu anasoma sekunde 10.9. Kijiji kinashangilia. Baba anauza mbuzi wawili ili mtoto apelekwe Dar es Salaam kwenye mchujo wa kitaifa. Huko anakimbia zaidi ya sekunde 11.6 na kuishia raundi ya kwanza. Watu wanasema amerogwa au amependelewa mwingine.

Hakuna uchawi. Kwanza, mwalimu alikuwa kwenye mstari wa kumalizia na alibonyeza saa aliposikia filimbi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa mita 100 ilichelewa karibu sekunde 0.3. Pili, saa ya mkononi hutofautiana na mtambo wa umeme, ndiyo maana waamuzi hutumia nyongeza ya sekunde 0.24 wanapolinganisha mbio fupi. Tatu, uwanja ulipimwa kwa hatua za miguu, ukapungua mita mbili, sawa na sekunde 0.2 hivi. Jumla ni zaidi ya sekunde 0.7. Hiyo ndiyo lumbesa ya riadha, na aliyeilipia ni mwenye mbuzi.

Dawa yake si ghali. Uwanja upimwe kwa futi kamba. Mwanzishaji mbio atumie bendera au vibao viwili vya mbao anavyovigonganisha juu ya kichwa, na mpima muda abonyeze saa kwa kuona, siyo kwa kusikia. Wapima muda wawe watatu kwa mshindi, na muda wa katikati ndio uandikwe. Matokeo yaingizwe kwenye daftari moja la shule yakiwa na jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe, mahali na aina ya saa iliyotumika.

Kijana mwenye sekunde 11.6 za kweli akiwa na miaka 15 bado ni mali ya kutunzwa. Mwenye 10.9 za uongo atavunjwa moyo na kuacha.

Upepo wa bahari na baridi ya Usambara

Jambo jingine kwa watu wa pwani ni upepo. Katika mita 100, mita 200, miruko mirefu na miruko mitatu, rekodi haikubaliwi iwapo upepo wa kusukuma mgongoni unazidi mita 2.0 kwa sekunde. Mvuvi wa Pangani anajua kwamba kusi na kaskazi havina mzaha, na kwamba mara nyingi upepo wa baharini hupanda kadiri jua linavyopanda. Mbio fupi zikipangwa asubuhi, matokeo yatakuwa salama zaidi kuliko yale ya saa tisa alasiri.

Aidha, Tanga ina kitu ambacho Jamaika ingekitamani kwa ajili ya mbio ndefu. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Magamba na Shume hukaribia mita 2,000. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, hivyo mwili wa mkimbiaji hulazimika kuongeza uwezo wa damu kuibeba. Mji wa Iten nchini Kenya, uliopo takriban mita 2,400, umejenga uchumi wa nyumba za wageni, migahawa na maduka kutokana na wakimbiaji wanaofuata hewa hiyo.

Mkoa mmoja wenye joto la pwani linalofaa mbio fupi na baridi ya milima inayofaa mbio ndefu ni kama shamba lenye bonde na kilima. Kila zao lina mahali pake.

Biashara iliyopo uwanjani

Wafanyabiashara wadogo wana sababu yao ya kuyataka mashindano. Ichukuliwe kwamba wanariadha na makocha 400 wanakusanyika Tanga kwa siku tatu. Wakila milo miwili mikubwa kwa siku, hiyo ni milo 2,400. Kwa gramu 200 za mchele kila mlo, unahitajika mchele kilo 480. Nusu ya milo ikiwa na maharage gramu 100, ni kilo 120. Machungwa mawili kwa kila mtu kwa siku ni machungwa 2,400, na ndizi mbili za asubuhi ni idadi hiyo hiyo. Maji lita nne kwa mtu kwa siku ni lita 4,800.

Hapo hawajahesabiwa watazamaji, bodaboda, mama lishe, samaki wa kukaanga wala vitanda vya kulala. Soko hilo hujulikana mapema kwa tarehe, jambo ambalo ni nadra katika kilimo. Chama cha ushirika chenye mchele wa Korogwe au machungwa ya Muheza kinaweza kuingia mkataba na waandaaji miezi mitatu kabla, badala ya wanachama kusubiri madalali barabarani.

Hata hivyo, mashindano ya mara moja ni kama mvua ya siku moja, haijazi kisima. Faida hupatikana yanaporudi kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, shule hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, mkoa hadi taifa, na matokeo ya kila ngazi yakihifadhiwa.

Mkonge ni shahidi. Dk. Richard Hindorf alileta miche yake mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo kukaja mashamba yaliyoifanya Tanga kujulikana duniani, na singa zake zikauzwa kwa madaraja yanayoeleweka na mnunuzi wa mbali asiyewahi kuliona shamba. Bila daraja, singa ni majani makavu tu.

Vijana wanaokimbia kwenda shule kati ya Mombo na Soni, na wanaoshindana mchangani Pangani, ni miche iliyo hai. Kamati za shule, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wanaweza kuanza na futi kamba, saa tatu na daftari moja. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mbio za watoto wa Tanga nazo ni mali.