Kwenda Kutafuta Kazi Mbali na Kwenu

Mvua zikiisha na mavuno yakishaingia ghalani, watu wengi vijijini hufunga mizigo. Wengine huenda kukata miwa Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC huko Moshi. Wengine huenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wengine huchuma chai Mufindi. Wapo pia wanaokwenda kwenye kambi za wavuvi katika Ziwa Viktoria, au kwenye machimbo ya dhahabu Geita.

Wanaokwenda ni wanaume na wanawake, na wengi wao ni vijana. Kila mmoja ana sababu yake. Mmoja anataka mabati ya nyumba. Mwingine anataka mbegu na mbolea. Mwingine anatafuta fedha za kumtibu mzazi.

Kusafiri kufuata kazi si kosa. Lakini wengi huumia huko waendako. Wengine hudhulumiwa ujira wao. Wengine huugua bila mtu wa kuwapa maji. Wengine hunyamaza miaka mingi, hata watu wa nyumbani hawajui kama wapo hai.

Ndugu msomaji, mambo haya yanaweza kupunguzwa. Soma makala hii, kisha mweleze jirani anayejiandaa kuondoka.

WALIOTANGULIA: MANAMBA WA MKONGE

Safari hizi hazikuanza jana. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge katika nchi yetu. Iliyofika hai ilikuwa michache sana. Hata hivyo ilipandwa karibu na Pangani, nayo ikastawi. Baadaye mashamba ya mkonge yalienea Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa na Lindi.

Mashamba hayo yalihitaji watu wengi. Wenyeji walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakupenda kazi ile ya miiba na jua. Basi wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali. Walitoka Kigoma, Songea na Njombe. Wengine walitoka nje ya nchi, Burundi na Msumbiji. Kabla ya magari kuenea, wengine walitembea kwa miguu siku nyingi.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuandikisha wafanyakazi. Kiliitwa SILABU. Mtu aliandikishwa kwao, akapewa namba, akasafirishwa hadi shambani pamoja na wenzake. Kwa sababu ya namba hizo, watu hao waliitwa manamba.

Kazi ilipimwa kwa kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye nafasi 30. Kila siku mtu akimaliza kazi aliyopangiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Asipomaliza, hakupata alama. Mpaka nafasi zote 30 zijae ndipo alipokea mshahara kamili. Kwa hiyo kipande kimoja kiliweza kuchukua zaidi ya mwezi mmoja.

Manamba wengi hawakujua kusoma. Alama iliwekwa na mtu mwingine, hesabu ilifanywa na mtu mwingine, na mkataba ulisomwa na mtu mwingine. Aliyepunjwa hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba amepunjwa.

Katika mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Baadaye kamba za nailoni zilienea duniani na bei ya katani ikaanguka. Mashamba mengi yalifungwa au yakabaki pori. Lakini watu walibaki. Hata leo, ukifika Muheza au Korogwe, utakuta wajukuu wa watu waliotoka Kigoma na Njombe. Baadhi yao hawajui kijiji cha babu yao. Babu alikuja kwa muda, naye hakurudi tena.

KABLA YA KUONDOKA

Siku hizi hakuna SILABU. Habari za kazi huja kwa simu, kwa rafiki, au kwa mtu anayepita kijijini akikusanya vijana. Habari nyingine ni za kweli, na nyingine ni za uongo. Kuuliza si ujinga. Uliza mambo haya:

Kazi ni ya nani? Jua jina la shamba au kampuni, na jina la kijiji au kata iliko.

Ujira ni kiasi gani, na unalipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kipimo? Kama ni kwa kipimo, kipimo hicho ni kikubwa kiasi gani?

Utalala wapi, na chakula ni juu ya nani?

Je, yuko mtu wa kijiji chenu aliyewahi kufanya kazi hapo? Mwendee, zungumza naye.

Jihadhari na ujumbe wa simu unaosema, "Umepata kazi, tuma fedha za fomu." Mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usitume hata shilingi. Unaweza kuupeleka kwenye namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuwataja matapeli wa simu.

Jihadhari zaidi na mtu anayetaka kuchukua watoto. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Tena aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Mtu akija na ahadi nzuri za kumpeleka binti yako kufanya kazi mbali, nenda naye kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Mwenye nia njema hatakataa. Namba 116 hupokea simu za watu wanaotaka kusaidia mtoto aliye hatarini.

Ondoka na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na kitambulisho chako cha taifa. Chukua nauli ya kwenda, na ufiche nauli ya kurudi. Wengi hukwama ugenini kwa kukosa nauli tu.

Mwisho, panga mambo ya nyumbani. Nani atalima shamba lako? Je, mke wako anaweza kuuza debe mbili za mahindi mtoto akiugua, au mpaka akuulize? Semeni wazi kabla ya safari.

UKIFIKA HUKO

Siku ya kwanza usikimbilie kambini na kulala. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukajitambulishe. Mgeni aliyejitambulisha hutafutwa akipotea. Mgeni asiyejulikana hufikiriwa mwizi.

Mara nyingi kazi haipatikani siku ile ile. Watu husubiri langoni tangu alfajiri. Anayechukuliwa kwanza ni yule ambaye msimamizi anamfahamu. Kwa hiyo, ukisubiri, ulizia vibarua vidogo kwa wakulima wa hapo: kupalilia, kubeba matofali, kuvuna mpunga. Utapata chakula, na watu watakujua kuwa ni mchapa kazi. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Ukipata kazi, dai maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri anapaswa kuhakikisha kwamba anaelezwa kwa namna anayoielewa. Usione haya kusema, "Sijaelewa, nisomee tena."

Sheria hiyo inasema pia kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma. Saa za ziada hulipwa kwa kiwango cha juu: si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Angalia usalama wako. Ncha ya jani la mkonge hutoboa jicho. Panga la miwa hukata mguu. Ukiumia kazini, mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo, na hakikisha ameandika. Uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini ajali isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha.

DAFTARI NI SHAHIDI WAKO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo na kalamu. Kila jioni andika tarehe na kazi uliyofanya. Mkata mkonge ataandika hivi:

"Julai 3. Mafungu 60. Julai 4. Mafungu 72. Julai 5. Mgonjwa, sikwenda."

Andika pia kila unachokopa dukani. Mwenye duka ana daftari lake, nawe uwe na lako. Mwisho wa mwezi, pateni hesabu mbili, mzilinganishe. Zikitofautiana, ulizeni mapema, kabla watu hawajasahau.

Usitie sahihi wala dole gumba mahali ambapo hujasoma. Usitie sahihi kwa fedha ambazo hujazipokea mkononi.

Hapa ndipo tofauti yako na manamba wa zamani inapoonekana. Yeye alikuwa na kipande kilichoandikwa na mwingine. Wewe una daftari unaloandika mwenyewe.

Ukidhulumiwa, zungumza kwanza na msimamizi, kisha na chama cha wafanyakazi kama kipo. Kwa mashambani kipo chama kiitwacho TPAWU. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani. Usichelewe. Mtu aliyeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka shauri lake katika siku 30. Madai mengine, kama ya mshahara, hupelekwa katika siku 60. Chukua daftari lako na karatasi zako zote.

UPWEKE

Kuna taabu nyingine ambayo haionekani machoni. Ni upweke.

Mgeni anarudi kambini jioni. Wenzake wanazungumza kilugha asichokijua. Chakula si cha kwao. Hakuna wa kumwita shemeji wala mjomba. Usiku mawazo yanakuja. Mwingine hukimbilia pombe ili alale. Siku ya mshahara fedha zote zinaishia kilabuni, na asubuhi mawazo yapo pale pale.

Kisha inakuja aibu. Mtu anasema moyoni, "Nitawapigia simu niwaambie nini, nami sijapata kitu?" Basi ananyamaza. Mwezi mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa mwaka. Kadiri anavyonyamaza ndivyo aibu inavyokua. Hivi ndivyo watu wengi wanavyopotea. Hawakupanga kupotea. Walingoja siku watakayokuwa na fedha, na siku hiyo haikufika.

Dawa yake ni kutoa habari hata kama huna fedha. Chagueni siku moja ya kuzungumza, kwa mfano kila Jumapili jioni. Kama huna salio, andika ujumbe mfupi: "Mimi mzima. Kazi bado. Nawasalimu." Maneno hayo machache yanamwezesha mama kulala.

Andika namba za simu za nyumbani kwenye daftari. Wengi huzihifadhi ndani ya simu peke yake. Simu ikiibiwa, kijiji kizima kinapotea nayo.

Tafuta watu wa kuwa nao. Manamba wa zamani walicheza ngoma za kwao siku za mapumziko, na walijifunza Kiswahili kwa sababu ya kukaa pamoja na watu wa makabila mengi. Leo ipo misikiti, makanisa, kwaya, timu za mpira na vikundi vya kuweka na kukopa. Jiunge na kimoja. Toa mchango msiba unapotokea, nawe utazikwa, utauguzwa, na utaulizwa hali.

WENYEJI NA NDUGU WA NYUMBANI

Wenyeji nao wana wajibu. Kibarua aliyefika kijijini kwenu ni mtoto wa watu. Akiugua, mpelekeni zahanati. Mkimpa kazi, mlipeni siku mliyopatana. Msimwite kwa jina la kabila lake kana kwamba hana jina.

Ndugu wa nyumbani nao wapunguze madai. Kila simu ikiwa ya kuomba fedha, kijana ataogopa kupokea. Muulizeni kwanza, "Umeamkaje? Umekula?"

KURUDI

Weka siku ya kurudi kabla hujaondoka, na uwaambie wengine. Fedha za kurudi ziwe mbali na fedha za matumizi.

Jambo moja la sheria ulijue. Mwajiri akikuajiri mahali pengine na kukupeleka kwenye kazi yake, kisha ajira ikaisha, anapaswa kukurudisha wewe na mizigo yako mahali alipokuajiri, au kukulipia safari hiyo. Anapaswa pia kukulipa posho ya kujikimu unapongoja kusafirishwa. Lakini kama ulikwenda mwenyewe ukaomba kazi langoni, basi hapo langoni ndipo ulipoajiriwa, na nauli ni juu yako. Kwa hiyo hakikisha maandishi yako yanaonyesha mahali ulipoajiriwa.

Na kama umeamua kuhamia huko, si vibaya. Waarifu walio nyumbani. Waonyeshe watoto kwenu ni wapi, wafundishe majina ya babu na bibi. Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili. Asiwe na nyumba moja ambayo imemsahau.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kipande cha manamba kilikuwa na nafasi ngapi? Kilitumikaje?

2. Taja mambo matatu ya kuuliza kabla ya kukubali kazi ya mbali.

3. Kwa nini mtu ugenini huona aibu kupiga simu nyumbani? Ndugu zake wafanye nini?

4. Katika kijiji chenu, nani ameondoka na habari zake hazijulikani? Mnaweza kumtafuta kwa njia gani?

5. Andika katika daftari lako kazi uliyofanya leo, pamoja na tarehe.