Sumu Isiyoonekana Katika Chaza

Maji ya bamvua yakitoka, pwani ya Dar es Salaam hugeuka kuwa kama shamba. Kunduchi, Msasani na Mjimwema utawaona akina mama na watoto wameinama juu ya miamba na matope, kila mmoja na kikapu chake, wakitafuta chaza, kome na kombe. Kitoweo hiki hakitaki mashua wala wavu, nacho huwafaa sana watu wasio na fedha ya kununua nyama. Sisi tukaao Kimara, kando ya njia kuu iendayo Morogoro, hatusikii mawimbi; lakini vitoweo vya bahari hutufikia sokoni.

Sasa fikirini swali hili. Chaza ametolewa baharini leo asubuhi. Hanuki. Ameoshwa, amepikwa mpaka ameiva vema. Je, aweza kumwua mtu? Wengi watasema kwamba hawezi. Lakini ziko siku, na pako mahali, ambapo aweza. Na sababu yake yafaa ijulikane na kila mwanafunzi.

Chota maji ya bahari katika bilauri, nawe utayaona safi. Lakini ukitia tone moja chini ya hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu vidogo, utaona vijimea vingi ndani yake. Vingine vina umbo la visanduku vya kioo, vingine vimeungana kama mkufu, vingine vina vijimkia viwili vya kuogelea. Vijimea hivi hutumia nuru ya jua kujifanyia chakula, kama mhindi ufanyavyo shambani. Wanyama wadogo wa baharini huvila, samaki huwala wanyama hao, nasi twawala samaki. Tena vijimea hivyo hutoa karibu nusu ya oksijeni yote itolewayo na mimea ya dunia. Basi si adui zetu. Katika maelfu ya aina zake, ni chache tu zenye sumu.

Hiyo sumu yaingiaje katika chaza? Mmewaona mama zenu wakichuja tui kwa kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Chaza naye ni kama kifumbu. Hufungua magamba yake, akavuta maji, akayachuja, na vijimea vilivyomo ndivyo chakula chake. Chaza mkubwa aweza kuchuja lita nyingi sana kwa siku moja. Kijimea kimoja chenye sumu hakimdhuru mtu. Lakini chaza hula maelfu kwa maelfu, na sumu yake hukusanyika mwilini mwake. Mara nyingi yeye mwenyewe haugui. Hubaki mnene na mtamu, na hapo ndipo penye hatari.

Jambo hili si geni. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, George Vancouver, alikuwa akipima pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Kanada. Tarehe 15 Juni baadhi ya watu wake walitua katika ghuba ndogo, wakala kome waliowakuta hapo. Baada ya muda mfupi midomo yao na ncha za vidole vyao zilikufa ganzi, na ganzi ikaenea mwilini. Mmoja wao, John Carter, akafa siku ile ile. Vancouver akaiita ghuba ile Poison Cove, maana yake Ghuba ya Sumu. Lakini hakuna aliyejua sumu ilitoka wapi. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya mabingwa wa California kuonyesha, mwaka 1937, kwamba kome huipata katika vijimea vya baharini.

Mwaka 1987, huko huko Kanada, watu waliokula kome wa Prince Edward Island waliugua. Wagonjwa walipita 100, na watu 3 wakafa. Wengine walipona mwili, lakini wakapoteza kumbukumbu: hawakuweza tena kushika habari mpya akilini. Mabingwa wakafanya kazi usiku na mchana. Walikamua maji ya kome wale, wakayatenga mafungu mafungu, kisha wakavijaribu vipande hivyo kwa panya. Fungu lisilowadhuru panya waliliacha. Lile lililowadhuru walilitenga tena, wakalijaribu tena. Kwa njia hiyo, katika siku chache, waliifikia sumu yenyewe, iitwayo asidi ya domoiki, wakagundua kuwa ilitoka katika kijimea kidogo mfano wa kijiti cha kioo. Tazameni faida ya kutafuta kwa utaratibu: hawakubahatisha, wala hawakumsingizia mtu uchawi.

Je, na kwetu? Visiwani Unguja iko Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978, nayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001 mabingwa wawili, Margareth Kyewalyanga na Charles Lugomela, waliandika kwamba katika maji ya Unguja vimo vijimea vya aina ziwezazo kudhuru, wakaeleza haja ya kuyachunguza maji hayo kila wakati.

Wala msidhani kwamba hatari ya namna hii iko mbali. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mama mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walipelekwa hospitali. Mwaka 2021 watu 7 walikuwa wamekufa kisiwani Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Kasa si chaza. Lakini mabingwa hudhani kwamba sumu ya kasa nayo hutokana na vijimea alivyovila, ikakusanyika katika nyama yake. Tena sheria yakataza kumwua kasa. Waliokufa hawakula nyama iliyooza. Walikula kitoweo walichokiona kizuri.

Vijimea huongezeka upesi maji yakiwa na joto, yakitulia, na yakipata mbolea nyingi. Mbolea hiyo hutoka wapi? Mvua huosha mashamba, vyoo na majalala, na mito hupeleka yote baharini. Mto Msimbazi hupita katikati ya mji wetu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Basi mtu wa bara kidogo asiseme, "Mimi na bahari tuna nini?" Akitupacho mtaroni hushuka na maji, na mwisho wake ni kwa chaza.

Je, tuache kula chaza? La. Siku nyingi ni chakula chema. Lakini shikeni mambo haya manne.

Kwanza, moto hauondoi sumu hizi. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini sumu ya vijimea hubaki. Wako watu katika nchi mbalimbali wasemao kwamba sarafu ya fedha ikitiwa chunguni hugeuka nyeusi penye sumu. Hilo si kweli. Haionekani, hainuki, wala haina ladha.

Pili, bahari ikigeuka rangi, au samaki wakielea wamekufa, usiokote kitu pwani. Mpashe habari Bwana Samaki. Lakini maji meupe si dhamana, maana sumu yaweza kuwamo hata hivyo.

Tatu, mtu akila chaza au kome, kisha midomo na vidole vikaanza kuwasha na kufa ganzi, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje kesho. Sumu ya ganzi haina dawa ya kuivunja. Lakini waganga wa hospitali wakimsaidia kupumua, mwili hupata nafasi ya kuitoa sumu, naye aweza kupona.

Nne, hakika yapatikana kwa kupima tu. Katika nchi nyingi nyama ya chaza hupimwa, na sumu ya ganzi ikizidi miligramu 0.8 katika kilo 1, pwani hiyo hufungwa mpaka chaza wasafike. Kazi hiyo yataka vijana waliosoma hesabu na elimu ya viumbe kwa bidii. Kwa nini mmoja wao asitoke katika darasa hili?

Maswali
1. Chaza hufanana na kifumbu kwa jambo gani?
2. Kwa nini chaza aliyepikwa vema aweza kuwa na sumu?
3. Mabingwa wa Kanada waliitafutaje sumu mwaka 1987?
4. Mtu wa Kimara aweza kufanya nini ili bahari iwe safi?